Machicha ya Bia Yanapogoma Kuwa Plastiki: Dalili, Vyanzo na Tiba

Mwongozo huu unawalenga wanafunzi, mafundi wa maabara na wajasiriamali wadogo wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya jirani wanaojaribu kuyageuza mabaki ya utengenezaji wa bia yawe plastiki inayooza. Kazi hiyo hufanywa na bakteria ambao, wakipata chakula kingi kuliko wanachoweza kukitumia kujenga miili yao, huweka akiba ndani ya seli kwa umbo la chembechembe za polima ziitwazo polihaidroksialkanoeti, au PHA kwa kifupi. Iliyo maarufu zaidi katika ukoo huo ni polihaidroksibutireti, PHB, ambayo Mfaransa Maurice Lemoigne aliitambua katika miaka ya 1920 ndani ya bakteria aitwaye Bacillus megaterium. Bakteria mwingine, Cupriavidus necator, anaweza kujaza akiba hiyo hadi ikafikia takribani asilimia 80 ya uzito wake mkavu, na ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi katika fani hii.

Msimamo wa mwandishi ni kwamba lawama nyingi wanazotwikwa bakteria ni za machicha. Mtu huagiza mbegu bora ya bakteria, akaitunza kama mboni ya jicho, kisha akailisha kitu asichokijua kina nini. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa inaanza kuchunguzwa kwenye ndoo ya mabaki kabla ya kufika kwenye hadubini.

Kwanza: ni mabaki yapi hasa?

Kiwanda cha bia hakitoi taka ya aina moja. Kuna machicha, yaani maganda ya nafaka yanayobaki baada ya kimea cha shayiri au mtama kukamuliwa utamu wake. Haya hutoka yakiwa na maji kwa asilimia 70 hadi 80, na sehemu yake kavu ina protini ya takribani asilimia 20, huku sehemu kubwa ya kinachobaki ikiwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Kuna chachu iliyokwisha kazi, ambayo ina protini nyingi kuliko machicha. Kuna mashapo ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, yanayobaki baada ya maji ya kimea kuchemshwa. Halafu kuna majitaka: maji ya suuza yenye sukari na wanga, bia iliyomwagika, na maji ya kusafishia matangi ambayo huwa na kostiki soda au asidi.

Machicha mabichi tayari yana mnunuzi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Nakuru na vitongoji vyake huyachukua kwa lori, na ng'ombe ana njia rahisi zaidi ya kuyageuza kuwa fedha kuliko maabara yoyote. Kwa maoni yangu, anayeanza leo angeelekeza macho kwenye maji ya suuza na majitaka, ambayo hakuna anayeyagombania, na kuyaacha machicha kwa siku ambazo soko la malisho limejaa. Mabaki ya busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, kutoka kwa watengenezaji wadogo wa Magharibi ni jambo jingine: hayana hopsi popote, jambo ambalo ni faida, lakini yamekwisha chacha, hivyo yanaingia maabara yakiwa na asidi na halaiki ya vijidudu vyake yenyewe.

Machicha mabichi hayasubiri. Katika joto la Kisumu huanza kunuka uchungu siku ya pili, na baada ya hapo ukungu hufuata. Yasipotumika siku hiyohiyo, yakaushwe au yagandishwe. Ndoo iliyokaa kwenye veranda tangu Ijumaa isifunguliwe Jumatatu kwa matumaini, imwagwe.

Dalili: bakteria hawaoti kabisa, maji yanabaki angavu

Hapa vyanzo ni vingi, na mpangilio wa kuvichunguza una maana, kwa sababu vingine hugunduliwa kwa dakika tano na vingine huhitaji wiki.

Anza na pH, kipimo cha asidi na besi ambapo 7 ni katikati. Maji ya kusafishia matangi yanaweza kuyapeleka majitaka hadi pH 11 au 12 asubuhi, kisha yakashuka hadi 4 jioni asidi ya kusuuza ikipita. C. necator hupenda pH ya karibu 7 na joto la nyuzi 30. Kurekebisha pH ni rahisi, lakini iwapo maji yana dawa ya kuua vijidudu, kama asidi ya peraseti, pH nzuri haitasaidia kitu. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya kuua. Tiba ni kuzungumza na msimamizi wa zamu kiwandani, ukajua saa za kuosha matangi, na uchote maji nje ya saa hizo. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Pili, chunguza aina ya sukari. Kosa hili ndilo linalojificha vizuri zaidi. Kipimo cha Benedict, ambacho kila aliyesoma kemia ya sekondari anakikumbuka, kitageuka rangi ya matofali na kukuambia kuwa sukari ipo. Hakitakuambia ni sukari gani. Maji ya kimea yana maltosi zaidi ya kitu kingine chochote, na C. necator hali maltosi. Isitoshe, aina ya asili ya bakteria huyo, ile iitwayo H16, haili hata glukosi. Inakula fruktosi, mafuta na asidi za kikaboni, na ni aina zilizochaguliwa baadaye tu ndizo zilizozoea glukosi. Ukimwekea maltosi unakuwa umemwandalia karamu asiyoweza kuigusa. Una njia mbili: ama uongeze kimeng'enya cha glukoamilesi kinachovunja maltosi na wanga kuwa glukosi, kisha utumie aina inayokula glukosi, ama ubadilishe bakteria. B. megaterium anakula sukari za aina nyingi, maltosi ikiwemo. Paraburkholderia sacchari, ambaye aligunduliwa katika mashamba ya miwa ya Brazili, anakula pia sukari ya miwa na zailosi, ile sukari itokayo kwenye hemiselulosi ya maganda. Kwa mtu wa Muhoroni au Mumias mwenye molasi karibu, huyo wa mwisho anastahili kufikiriwa.

Ili kutofautisha glukosi na maltosi bila mashine ya gharama, kifaa cha kupimia sukari ya damu chenye vijiti vya glukosi oksidesi kinaweza kutoa makadirio. Sampuli ichujwe, pH yake irekebishwe, na ichanganywe na maji kiasi kinachojulikana ili isipite kikomo cha kifaa. Pima kabla ya kimeng'enya na baada yake; usomaji usipopanda, kimeng'enya hakikufanya kazi. Tone la iodini likigeuka buluu nzito, wanga bado haujavunjwa. Tahadhari ni moja: vijiti vya aina nyingine, hasa vile vya zamani vinavyotumia kimeng'enya kingine, huichukulia maltosi kuwa glukosi, na vitakudanganya hapohapo unapohitaji ukweli.

Tatu, hopsi. Bakteria hugawanywa makundi mawili, Gramu chanya na Gramu hasi, kulingana na ukuta wa seli zao. Asidi chungu za hopsi huwadhuru wa Gramu chanya, na B. megaterium yumo katika kundi hilo. C. necator ni wa Gramu hasi, naye kwa kawaida hazimsumbui. Kwa hiyo aliyehama kutoka C. necator kwenda B. megaterium kwa sababu ya maltosi anaweza kuruka majivu na kukanyaga moto, ikiwa chakula chake kina bia iliyomwagika au mashapo ya hopsi. Machicha yenyewe hayana tatizo hili, kwa kuwa hopsi huongezwa baada ya nafaka kuondolewa. Tatizo huja wakati kiwanda kinapochanganya taka zote katika tangi moja.

Nne, sumu za kuchemsha. Machicha yanayovunjwa kwa asidi ya salfuriki hafifu katika joto kali hutoa sukari, lakini joto likizidi au asidi ikizidi, sehemu ya sukari hiyo hugeuka kuwa fufurali na ndugu zake, ambazo huwalemaza bakteria. Macho na pua vinatosha kuitambua hali hii: kimiminika huwa na rangi ya kahawa iliyokolea badala ya chai ya rangi, na hutoa harufu tamu iliyoungua. Punguza muda au asidi katika upishi ujao. Kwa ile iliyokwisha haribika, pandisha pH hadi 10 kwa chokaa iliyozimwa, acha itulie, chuja, kisha irudishe hadi 7. Au pitisha kwenye mkaa ulioamilishwa, ukikubali kupoteza sukari kidogo.

Dalili: wanaota vizuri mno, lakini chembechembe hazionekani

Chupa imejaa ukungu mzito wa seli, kila mtu anafurahi, na mwishowe kinachopatikana ni protini tupu. Chanzo cha kwanza kinachopaswa kushukiwa ni nitrojeni. Bakteria huweka akiba pale kaboni inapozidi na kirutubisho kingine, kwa kawaida nitrojeni au fosforasi, kinapopungua. Wakiwa na vyote, hawana sababu ya kuweka akiba, hivyo huzaana tu. Mabaki ya bia yana protini, na chachu ina protini zaidi, kwa hiyo anayechanganya chachu na maji ya suuza ili asipoteze kitu anawalisha bakteria nitrojeni ambayo itawazuia kutengeneza plastiki.

Tiba yake ni kuigawa kazi katika awamu mbili. Awamu ya kwanza iwe ya kuotesha, na hapo nitrojeni inaruhusiwa. Awamu ya pili iwe ya kunenepesha: ongeza kaboni peke yake, na uhakikishe uwiano wa kaboni na nitrojeni umevuka 20 kwa 1. Protini ya machicha inaweza kutenganishwa mapema kwa kuiyeyusha katika besi hafifu na kuigandisha kwa asidi. Protini hiyo ni malisho mazuri ya kuku, na hivyo mchakato mmoja unakupa vitu viwili vya kuuza.

Kabla ya kuamua kwamba akiba haipo, hakikisha uliitafuta ipasavyo. Utando mwembamba wa seli ukaushwe kwenye kioo, upakwe rangi ya Sudani nyeusi kwa dakika kama 10, usafishwe kwa zailini, kisha upakwe safranini kwa sekunde chache. Katika lenzi ya mafuta, seli zenye akiba huonekana za waridi zikiwa na madoa ya buluu inayokaribia weusi, madoa mawili, matatu, wakati mwingine yamejaa hadi seli imevimba. Seli zikiwa za waridi tupu, akiba haipo. Slaidi nzima ikiwa na weusi uliotapakaa nje ya seli, tatizo ni rangi iliyoganda kwenye chupa yake. Ichuje na urudie. Katika B. megaterium uwe makini zaidi, kwa kuwa huyo hutengeneza pia spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi linalostahimili joto, na sehemu isiyoshika rangi katikati ya seli huwa ni spora.

Chanzo cha pili ni kuchelewa kuvuna. Akiba ni chakula, na kaboni ya nje ikiisha, bakteria huila. Atakayetazama sampuli kwa hadubini asubuhi, mchana na jioni ataona madoa yakikua kisha yakififia; atakayesubiri tarehe iliyoandikwa kwenye mpango wa kazi ataikuta akiba imeliwa. Vuna wakati sukari bado ipo kidogo.

Chanzo cha tatu ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari, maji hushika oksijeni kidogo zaidi. Katika nyuzi 30, maji safi ya pwani hushika takribani miligramu 7.5 kwa lita. Kisumu, kwenye mita zipatazo 1,140, ni takribani 6.6, na Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni takribani 6. Kipimo cha kutikisa kilichonakiliwa kutoka maabara ya pwani ya Ulaya kinaweza kuwa pungufu hapa. Jaza chupa kwa sehemu moja ya tano tu ya ujazo wake, na utikise kwa mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Stima ikipotea usiku, mashine ya kutikisa ikasimama, seli hutumia oksijeni yote kwa dakika chache. Asiye na genereta aandike kila katizo la umeme kwenye daftari, maana matokeo ya ajabu ya wiki nzima huweza kuelezwa na mstari huo mmoja.

Dalili: harufu ya maziwa lala, au utando unaoelea juu

Umevamiwa. Harufu ya maziwa lala huashiria bakteria wa asidi ya laktiki, ambao nafaka huja nao kutoka shambani. Utando uliokunjamana juu ya maji mara nyingi ni Bacillus wengine ambao spora zao zilistahimili moto wako.

Jambo linalosahauliwa katika nyanda zetu ni kwamba kipimo cha presha kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) au sufuria ya presha husoma tofauti kati ya ndani na nje, na nje yetu ni nyepesi. Presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba inayotoa nyuzi 121 kule pwani hutoa takribani 119 Kisumu na 118 Nakuru. Ili kufikia 121 unahitaji takribani pauni 17 Kisumu na 18 Nakuru, ikiwa chombo chako kimethibitishwa kubeba presha hiyo. Kama hakijathibitishwa, usiguse vali ya usalama, ongeza muda. Chombo kinachoongozwa na kipimajoto badala ya presha hakina tatizo hili. Kuchemsha kwenye sufuria wazi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi Nakuru, hakutoshi kuua spora. Pia kumbuka kuwa machicha mazito hayapitishi joto upesi: lita mbili za uji wake huchukua muda mrefu kupata moto katikati kuliko lita mbili za maji.

Dalili: povu linafurika

Protini ileile inayoipa bia kilele chake hufanya povu hewa inapopulizwa. Matone machache ya mafuta ya kupikia huituliza. C. necator hula mafuta hayo na kuyageuza kuwa PHB, kwa hiyo hakuna hasara, ila uyahesabu katika kaboni yako.

Kwa wanaotumia majitaka bila kuua vijidudu

Njia hii haitaki otoklevu, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa kaunti zetu. Majitaka huachwa kwanza yachache bila hewa hadi sukari igeuke kuwa asidi za mafuta fupi. Kisha hulishwa mchanganyiko wa bakteria katika tangi la hewa kwa mizunguko ya shibe na njaa, ili wanaojua kuweka akiba waishi na wasiojua wafe njaa.

Mapovu yakitoka kwa wingi katika tangi la kwanza na asidi zisiongezeke, yamkini wametokea watengenezaji wa methani wanaozila asidi zako. Shusha pH hadi kati ya 5 na 6 na ufupishe muda wa maji kukaa humo. Ikiwa tangi la pili halitoi waweka akiba, tazama kipimo cha oksijeni: mara tu baada ya kulisha, oksijeni hushuka, na chakula kinapoisha hupanda ghafla. Kupanda huko ndiko mwisho wa shibe. Kukitokea baada ya nusu ya mzunguko, njaa ni fupi mno na wavivu hawachujwi. Shibe isizidi takribani sehemu moja ya tano ya mzunguko mzima. Punguza chakula au refusha mzunguko.

Dalili: polima ni ya kahawia, au ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa

Kwanza hesabu matarajio yenyewe. Gramu moja ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.48 ya PHB hata kinadharia, na kazi nzuri hutoa 0.3 hadi 0.4. Anayetarajia kilo kwa kilo atalia bure.

Rangi ya kahawia hutoka kwenye machicha na mafuta ya seli. Osha seli mara mbili kwa maji, kisha kwa methanoli, kabla ya kutoa polima. Kwa klorofomu, myeyusho uchujwe na polima igandishwe kwa kuumimina polepole katika methanoli baridi. Kazi hiyo ifanyike chini ya kifyonza hewa, wala si jikoni na dirisha wazi. Wanaoyeyusha seli kwa dawa ya klorini hupata unga mweupe haraka, lakini wakizidisha muda klorini hukatakata minyororo ya polima yenyewe, na hasara hiyo huonekana baadaye, wakati kipande kinapovunjika kama biskuti. Klorini isichanganywe kamwe na asidi, kwa kuwa gesi inayotoka huua.

Dalili: utando unapasuka ukiukunja

Ikiwa uzalishaji wote ulikuwa sahihi, hii ni tabia ya PHB yenyewe: hunyumbuka takribani asilimia 5 tu kabla ya kukatika, na huzidi kuwa ngumu inavyokaa, kwa sababu fuwele zake huendelea kujipanga siku hata siku. Tiba ya kudumu ni kubadilisha chakula katika awamu ya kunenepesha, ukiongeza asidi ya propioniki au valeriki ili bakteria wasuke polima mchanganyiko iitwayo PHBV, iliyo laini zaidi. Asidi hizo ni sumu zikizidi, hivyo zitiwe kidogo kidogo. Wenye tangi la majitaka wana bahati hapa, kwani uchachaji wao hutoa propioniki bila kununuliwa.

Kupasuka kukiambatana na rangi ya njano na harufu kali baada ya kuyeyusha kwa joto, umeiunguza. PHB huyeyuka karibu na nyuzi 175, na haipiti mbali juu ya hapo kabla ya kuanza kuvunjika. Unga ukaushwe kabisa kwanza, na usikae kwenye moto dakika moja zaidi ya inavyohitajika.

Dalili: imezikwa, na haiozi

PHB huliwa na vijidudu, si na jua wala muda. Udongo mkavu wa Januari huko Gilgil hauna unyevu wa kuwawezesha kufanya kazi, na kipande kinene huchukua muda mrefu kuliko utando. Zika utando mwembamba kwenye udongo wenye samadi, umwagilie, na kando yake uzike karatasi ya kichujio na kipande cha mfuko wa kawaida wa plastiki. Karatasi isipooza, kosa ni la udongo. Karatasi ikioza na utando wako ukabaki mzima kama ule mfuko, hakikisha ulichotengeneza au kununua kwa kulinganisha si plastiki ya asidi ya laktiki, ambayo huhitaji mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 na kwenye udongo wa kawaida hukaa miaka.